Nani anashika funguo ya masomo yetu?

Haya ni maneno yenye mwenzetu alisema mbele ya vijana wa Butembo, ku mazungumzo yetu ya mangaribi juu ya masomo ya serikali. Tuliyaandika vile aliyasema. Tumekata tu salamu za mwanzo na maulizo ya mwisho.



Nitaanza na karatasi. Karatasi ndogo, nusu ya ukurasa wa kaye. Mudogo wangu aliileta nyumbani, alikuwa mwaka wa tano ya primaire. Iliandikwa kila mutoto alete franga elfu tano ya "matengenezo". Mama akaisoma mara mbili, akaniuliza: "Si walisema primaire ni bure?" Nikamwambia ndiyo, mama, ni bure. Katiba yetu ya 2006, artikle ya 43, inasema masomo ya primaire ya serikali ni ya lazima na ni ya bure, na tangu mwezi wa 9 wa 2019 serikali ilitangaza kama inaanza kuitimiza. Mama akanijibu: "Basi wewe mwenye unajua artikle, enda uwaambie."

Nikaenda. Direkta alinipokea vizuri, akanipa kiti. Akasema: "Dada, siyo mimi nilikata hii bei. Ni komite ya wazazi njo ilikubali." Nikauliza raisi wa komite ni nani. Akanipa jina. Nikatoka, nikasimama ku mulango pale wazazi wanangojea watoto, nikauliza wazazi kumi. Hakuna hata mumoja mwenye alimujua. Kisha mama mumoja mwenye anauzishaka mandazi pale akacheka: "Ule? Mutoto wake alimaliza hapa zamani, sasa iko université!"

Shule ile sitaitaja, na sikukuja kumushitaki direkta. Pengine ile makuta ilikuwa kweli ya bati. Pengine mvua ilikuwa inawanyeshea watoto. Shida yangu iko fasi ingine: hakuna mutu hata mumoja mwenye aliweza kunionyesha nani alikata ile bei, siku gani, mu mukutano gani, na makuta iliingia wapi. Shule ni ya serikali, inaitwa ya watu wote, lakini funguo yake iko mu mufuko wa nani? Ile ulizo ndogo njo imenileta hapa leo.

Nilianza kusoma vile miji mingine inaongoza masomo yake. Nikasimama sana ku muji mumoja: Chicago, kule Marekani. Ninajua wamoja wataanza kusema, "Aa, Marekani, wale wako na makuta!" Muningojee kidogo. Sikuchagua Chicago juu ni tajiri. Niliichagua juu wazazi na vijana wa kule walipigana miaka mingi kwa ulizo sawa na ya mama yangu: nani anakata, na anajibu kwa nani? Walishinda nusu, wakapoteza mara nyingi, na hata leo haijaisha. Tena kuko ndugu zetu Wakongomani kule, wakimbizi, watoto wao wanasoma ku masomo ya serikali ya ule muji. Nitarudi kwao.

Kwanza tuelewane: baraza la elimu la muji ni nini? Kule Marekani, masomo ya serikali haiongozwi na waziri wa inchi sawa kwetu. Kila muji, kila eneo, kuko baraza la watu wachache wenye kuketi na kukata maneno. Hawafundishi. Hawaingii mu darasa kuuliza mwalimu juu ya chaki. Kazi yao ni hii: wanaajiri mukubwa wa masomo yote ya muji, na wanaweza kumufukuza. Wanapitisha bajeti. Wanatia mukono ku kontra kubwa, za chakula, za usafi, za vitabu. Na wanakata shule gani inafunguliwa na shule gani inafungwa. Mukubwa, makuta, kontra, mulango. Mwenye anashika hivi vinne, anashika shule.

Chicago haiko kitu kidogo. Iko na wanafunzi zaidi ya 300,000. Bajeti ya masomo yake ni karibu dola bilioni 10 kwa mwaka, na sehemu kubwa inatoka ku ushuru wenye watu wa muji wanalipa juu ya nyumba na viwanja vyao. Bajeti ya Kongo yetu nzima ya 2024, jeshi ndani, mabarabara ndani, masomo ndani, ilihesabiwa dola bilioni 15 ao 16 hivi. Muone sasa uzito wa ile meza yenye watu wachache wanaketi.

Basi nani alikuwa anachagua wale watu? Hapa watu wengi wanashangaa. Tunazoea kufikiri kule kila kitu ni kura. Ku jimbo la Illinois, maeneo mengine yote ilikuwa inachagua baraza lake kwa kura. Chicago peke yake hapana. Kule ni meya njo alikuwa anateua. Na mu mwaka wa 1995 sheria mupya ikamuongezea nguvu: meya anateua baraza, meya anateua na mukubwa wa masomo. Meya wa wakati ule alikuwa Richard M. Daley. Walisema: masomo imeoza, tumupe mutu mumoja nguvu yote, ikiharibika tutajua wa kuuliza. Haiko wazo la ujinga. Hata hapa kwetu tunasikia watu wanasema tutafute mutu mumoja wa nguvu, atengeneze yote.

Ngoja niwaonyeshe vile iliendelea.

Mwaka wa 2013 meya alikuwa Rahm Emanuel. Wakasema kuko deni ya karibu dola bilioni moja, na shule nyingi ziko na watoto kidogo. Wazazi walikuja ku mikutano, walilia, walileta mahesabu yao, walisema: mukifunga hii shule, mutoto wangu atavuka barabara yenye makundi inapigana kwa risasi. Tarehe 22 mwezi wa 5, baraza likaketi na kupiga kura. Shule karibu 50 zikafungwa kwa siku moja. Kura yenyewe ilichukua dakika chache. Watoto karibu 12,000, na karibu tisa kwa kila kumi walikuwa Weusi. Haijawahi kufungwa shule nyingi vile kwa mara moja mu muji wa Marekani.

Mutaniuliza: wale wa baraza hawakusikia vile wazazi walilia? Walisikia. Lakini mutu anajibu kwa mwenye alimuweka. Wazazi hawakuwaweka, wazazi hawangeweza kuwatosha. Basi kilio cha muzazi kinakuwa sawa mvua inje ya dirisha: unaisikia, lakini haikuloweshi.

Mwezi moja kisha, mwezi wa 6 wa 2013, lile baraza lile likapitisha kontra ya dola milioni 20 na nusu kwa kampuni moja, SUPES Academy, ya kufundisha wakubwa wa shule. Hakuna kampuni ingine iliitwa kushindana nayo. Hakuna mutu wa baraza alisema hapana. Muandishi mumoja wa gazeti ndogo ya mambo ya masomo, Catalyst Chicago, njo alianza kuuliza: hii kontra inatoka wapi? Wapelelezi wa serikali kuu wakaingia. Mukubwa wa masomo ya muji, Barbara Byrd-Bennett, mwenye meya alimuweka, alikuwa amefanyaka kazi kwa ile kampuni mbele, na ilimuahidia sehemu ya makuta. Mwaka wa 2015 akakubali kosa lake mbele ya tribinali. Mwaka wa 2017 wakamukatia miaka minne na nusu ya gereza.

Muniwekee haya mambo mawili pamoja. Mwezi wa 5 baraza linasema hakuna makuta, tunafunga shule. Mwezi wa 6 lile lile linapata milioni 20 ya kontra yenye hakuna mutu aliuliza. Ile "mutu mumoja wa nguvu, tutajua wa kuuliza" ikaishia pale. Tulijua wa kuuliza, ndiyo. Lakini tulikuwa tunauliza tukisimama inje.

Basi watu walifanya nini? Hapa njo ninataka musikilize mbele ya yote, juu ni kazi yetu siye hii.

Walimu walisimamisha kazi mwezi wa 9 wa 2012, siku saba za masomo, na wazazi wengi walikuwa nao ku barabara. Kisha vikundi vya mitaa vikaanza kupitisha ulizo ya kura: munataka baraza lenye kuchaguliwa, ndiyo ao hapana? Mwezi wa 2 wa 2015 ile ulizo iliwekwa ku kura mu mitaa 37 ya muji. Karibu tisa kwa kila kumi wenye walipiga kura walisema ndiyo. Ile kura haikukuwa na nguvu ya sheria. Meya angeweza kuitupa, na aliitupa. Lakini toka siku ile hakuna mwanasiasa wa Chicago mwenye aliweza kusema "watu hawataki".

Mwaka ule ule, ku mutaa wa Bronzeville, baraza lilikuwa limekata kufunga sekondari ya Dyett. Watu 12, wazazi, bibi wa watoto, wanaharakati, wakakataa kula. Siku 34. Waliketi inje ya shule ku viti vya kukunja, jua likawapiga, wamoja wakapelekwa hospitali. Walitaka shule ifunguliwe, na ifunguliwe kwa mupango wenye wenyewe waliandika. Baraza likakubali kufungua, lakini kwa mupango mwingine, shule ya sanaa. Mwaka wa 2016 Dyett ikafunguka tena. Walishinda nusu. Ninawaambia nusu juu sitaki kuwauzishia hadisi tamu. Mutu anakaa siku 34 bila kula, na bado wanamupa nusu.

Kisha ikakuja kazi yenye haina picha nzuri: kurudi kila mwaka ku bunge la jimbo, na mwaka wenye kufuata kurudi tena. Lori Lightfoot alifanya kampanye 2019 akisema anataka baraza la kuchaguliwa. Alipopata kiti cha meya, sheria yenye ilikuja akaipinga. Mulishaona vile mu maisha yenu? Mimi nilishaona. Lakini bunge likaipitisha, na mwezi wa 7 wa 2021 guvernere JB Pritzker akaitia mukono. Sheria inasema: baraza la watu 21. Mwezi wa 11 wa 2024 watu wanachagua 10, meya anateua 11. Mwezi wa 11 wa 2026 wanachagua wote. Kutoka ile sheria ya 1995 hadi baraza la kuchaguliwa lote kuingia kazini mu mwezi wa 1 wa 2027, ni miaka zaidi ya 30. Mutoto mwenye alianza primaire 1995 iko sasa na watoto wake ku masomo.

Sasa, niseme na upande wa pili, juu tukijidanganya tutaanguka.

Kura haikuleta makuta. Deni ya masomo ya Chicago iko pale pale. Mwaka wa 2024, mbele kidogo ya kura, meya Brandon Johnson, mwenyewe alikuwa mwalimu na mutu wa sendika ya walimu, alitaka masomo ichukue mukopo wa dola milioni 300 hivi. Mukubwa wa masomo, Pedro Martinez, akakataa. Mwezi wa 10, watu wote saba wa baraza, wengi wao Johnson aliwateua mwenyewe, wakatangaza kama wanajiuzulu. Wote saba. Meya akateua wengine, na tarehe 20 mwezi wa 12 wale wapya wakamufukuza Martinez, majuma machache tu mbele ya wale wa kuchaguliwa kuingia. Muelewe vizuri: mutu wa walimu, mwenye wengi wetu hapa tungemupendaka, alipopata ile funguo ya zamani, aliitumia sawa wale wa zamani. Shida haikukuwa tu ubaya wa Daley ao wa Emanuel. Ile funguo yenyewe ilitengenezwa vibaya.

Na kura nayo ilileta ugonjwa wake. Mamilioni ya dola ikamwagika mu kampanye: sendika ya walimu upande moja, matajiri wenye kupenda shule za kipekee upande mwingine. Viti vyenyewe havina mushahara. Mutu mwenye kuuzisha ku soko anaweza kuketi usiku mzima anasoma bajeti ya bilioni 10 bila kulipwa? Ni ngumu.

Lakini angalieni kitu kimoja. Mwezi wa 8 wa 2025, hili baraza mupya, lenye meya bado aliteua watu 11 kwa 21, lilipitisha bajeti bila ule mukopo wenye meya alikuwa anataka. Walibishana masaa mengi, mbele ya watu wote. Na kila mutu wa muji aliweza kusoma jina: huyu alisema ndiyo, huyu alisema hapana. Hiyo njo faida. Kura haiwape uongozi wa malaika. Inawapa jina la mutu wa kuuliza, na siku ya kumutosha.

Sasa turudi kwetu, lakini tupite kwanza kwa wale ndugu zetu wa Chicago, vile niliwaahidia.

Chini ya lile baraza kubwa kuko kitu kingine, na mimi ninakipenda kupita baraza lenyewe. Mwaka wa 1987 walimu walisimamisha kazi siku 19 za masomo. Wazazi wakakasirika, siyo juu ya walimu tu, juu ya mufumo wote. Wakasukuma, na mwaka wa 1988 sheria ikatoka: kila shule itakuwa na baraza lake ndogo. Wazazi sita. Watu wawili wa mutaa. Walimu wawili. Mutumishi mumoja mwenye hafundishi. Direkta mwenyewe. Na ku sekondari, wanafunzi pia. Wanachaguliwa kwa kura kila miaka miwili. Na lile baraza ndogo linachagua direkta, linamupa kontra ya miaka minne, linaangalia kazi yake, linapitisha bajeti ya shule.

Muhesabu vizuri: wazazi sita kwa watu kumi na wawili. Wazazi na watu wa mutaa wakisikilizana, wao njo wengi.

Na hapa kuko kitu chenye kilinifurahisha sana. Kwa kupiga kura ya baraza kubwa la muji, lazima uwe muraia wa Marekani. Kwa baraza ndogo la shule, hapana. Muzazi ni muzazi. Mama mwenye alikimbia vita hapa kwetu, akapita kambi, akafika Chicago bila kujua Kiingereza, mwenye hawezi kumuchagua hata meya, anaweza kupiga kura ya kuchagua wenye wataajiri direkta wa mutoto wake. Anaweza hata kuwania kiti. Hapa Kongo, mu inchi yake, aliwahi kuulizwa nani awe direkta?

Na bado kule Chicago viti vingi vya ile mabaraza ndogo vinabakiaka wazi, juu watu hawakuji kuwania. Hilo nalo ni somo, na ni letu.

Juu, vijana wenzangu, siye pia tuko nayo. Siyo sawa ile, lakini tuko nayo. Kila shule ya serikali inapaswa kuwa na COPA, komite ya wazazi, na COGES, konsei ya kuongoza shule, yenye direkta anaketi na walimu pamoja na wajumbe wa wazazi kuangalia makuta na kazi. Iko ku makaratasi ya serikali. Munaijua? Wangapi hapa wanajua jina la raisi wa COPA wa shule yenye walisoma? Munyanyue mikono. ... Watatu. Na tuko zaidi ya mia moja.

Kwetu baraza la muji haliko. Makuta ya walimu inatoka Kinshasa. Shule nyingi ni za serikali lakini zinaongozwa na makanisa, tangu mapatano ya tarehe 26 mwezi wa 2 wa 1977. Direkta anajibu kwa kordinasio ya kanisa, kwa sous-division, kwa division. Meya wa muji haonekani mule, na hata angeonekana, hapa Nord-Kivu tangu état de siège ya 2021 wameya wenye serikali iliteua ni maofisa wa polisi. Hakuna mutu mwenye tulimuchagua mu ule mulolongo wote, toka mulango wa darasa hadi biro ya waziri.

Na makuta? Wazee wenye kuwa hapa wanakumbuka. Miaka ya 1990 serikali iliacha kulipa walimu vizuri, na wazazi wakaanza kulipa prime. Walisema ni kwa muda kidogo. Muda kidogo ukafanya zaidi ya miaka 25. Na ile makuta ya wazazi haikubakia yote ku shule: sehemu ilipanda ku sous-division, sehemu ku division, sehemu ku kordinasio. Makuta ilijua njia ya kupanda. Majibu haikujua njia ya kushuka. Leo primaire ni bure ku sheria, lakini ule mulolongo uko vile vile, na kuko walimu wenye wanafundisha miaka bila serikali kuwalipa. Basi direkta anatafuta fasi ya kutosha makuta, na anaandika karatasi ndogo, nusu ya ukurasa wa kaye.

Njo maana siwaambie muende kufokea direkta. Mwalimu mwenye hajalipwa haiko adui yetu. Adui yetu ni giza. Mu giza, direkta mwizi na direkta muaminifu wanafanana. Ule muaminifu njo wa kwanza mwenye angefurahi tukiwasha taa.

Tufanye nini? Sitawaambia tudai baraza la muji kesho asubui. Wale wa Chicago ilibidi wahangaike miaka 30, na wako na sheria zenye kutembea. Ninawaomba mambo matatu, yenye mutu anaweza kuanza juma hili.

La kwanza: majina. Kila mumoja wenu aende ku shule moja ya mutaa wake, yenye mudogo wake, mutoto wake ao mutoto wa jirani anasoma. Umusalimie direkta kwa heshima. Umuombe kitu kimoja tu: orodha ya watu wa COPA na COGES, na siku walichaguliwa. Usibishane. Andika. Akikataa, andika kama alikataa. Tutaleta orodha zetu hapa, tuziweke pamoja, shule kwa shule.

La pili: viti. Mwanzo wa mwaka wa masomo kunakuwaka mukutano wa wazazi. Munajua vile unapita: watu 20 wanakuja, mutu anasema "tumubakize yule wa mwaka jana", watu wanapiga makofi, wanaenda nyumbani. Mwaka huu wazazi wetu waende. Mama akiwa ku soko, wewe mwenye unakaa naye umusaidie kuuzisha masaa mawili ili aende. Siombi kijana mwenye hana mutoto achukue kiti cha muzazi. Ninaomba umusindikize muzazi, umusomee karatasi ya Kifaransa yenye haelewi, umuonyeshe fasi ya kuuliza. Na mutu mwenye mutoto wake alishamaliza université atuachie kiti, na asanti kwa kazi yake.

La tatu: ukuta. Makuta iliingia ngapi, kutoka kwa nani. Ilitoka ngapi, kwa kazi gani. Karatasi moja, mu Kifaransa na mu Kiswahili, ibandikwe ku ukuta wa inje ya shule kila trimestre. Kule Illinois sheria inalazimisha karatasi ya maneno ya mukutano itoke masaa 48 mbele, na raia wapewe nafasi ya kusema. Siye tuanze na ukuta. Ukuta hauombi ruhusa ya Kinshasa.

Wamoja wananiambia: "Dada, inchi iko mu vita, watu wanachinjwa ku mashamba, na wewe unatuletea maneno ya komite ya wazazi?" Ninaielewa ile hasira. Mimi pia nilizika watu. Lakini nitawajibu hivi: wale wenye wanatuongoza vibaya hawakujifunzia kazi mu Kinshasa. Walijifunza mu komite ndogo zenye hakuna mutu aliuliza. Mutu mwenye alikula makuta ya bati ku shule bila mutu kumuuliza, umupe wilaya, atakula wilaya. Na mutoto mwenye aliona muzazi wake anasimama mu mukutano, anauliza, anajibiwa, ule mutoto hatamuogopa guvernere.

Munataka kujua mwisho wa ile karatasi ya franga elfu tano? Nilirudi na mama na wamama wengine wanne, kutia na ule wa mandazi. Tuliomba kitu kimoja tu, kuona hesabu. Direkta alisema turudi kisha juma moja. Tuliporudi, alituonyesha kaye. Bati ilinunuliwa kweli, lakini makuta yenye ilikusanywa ilipita bei ya bati. Ile ingine haikuandikwa. Tuliuliza, akanyamaza. Ile makuta haikurudi. Lakini mwaka wenye ulifuata, ile karatasi haikukuja tena, na raisi wa COPA ni ule mama wa mandazi. Hajui kusoma Kifaransa vizuri. Anajua kuhesabu.

Sasa muniambie: nani anaanza na shule gani?